Windows Mpya, Printa ya Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa mikononi mwa watu tangu Julai 2015. Tangazo hilo halikuzima kompyuta ya mtu. Laptopu iliyowaka jana yake iliwaka na siku hiyo, Kibakwe kama kwingineko duniani.

Tabu huanza baadaye, pale mwenye kompyuta anaposikia kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, akaipeleka kwa fundi apigiwe Windows mpya. Mashine inarudi na sura nyingine, inang'aa. Kisha printa haitoi kitu. Skana haionekani. Programu iliyokuwa ikitumika miaka yote inaleta ujumbe wa Kiingereza na kujifunga. Kadi ya harusi iliyoachwa nusu wiki iliyopita haifunguki, na mteja amesimama mlangoni.

Kibakwe iko kusini mwa mji wa Mpwapwa, kuelekea milima ya Rubeho, katika sehemu ya mkoa wa Dodoma inayojulikana zaidi kwa mahindi, alizeti, karanga na maharage kuliko kwa kompyuta. Lakini kwenye makao makuu ya kata za namna hiyo steshenari moja ni ofisi ya watu wengi. Mwanafunzi anaomba mkopo wa HESLB. Kijana anajaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Mwalimu anachapa mtihani wa majaribio, familia iliyofiwa inahitaji ratiba ya mazishi kabla ya saa saba mchana, na kamati ya harusi inataka kadi za mchango. Kompyuta ikigoma, wote hao wanasubiri au wanapanda gari kwenda Mpwapwa mjini. Na kama fundi wa Mpwapwa ameshindwa, kituo kinachofuata ni Dodoma, zaidi ya kilomita 100 mbele.

Printa ndiyo inayoliza watu wengi, kwa hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

HP LaserJet 1018 na 1020 zilitoka katikati ya miaka ya 2000. Bado zinapendwa kwa sababu zinatumia katriji ya 12A, ambayo kila mwenye steshenari anajua pa kuinunua na pa kuijaza wino upya. Wachache wanajua kwamba printa hizi zilitengenezwa kwa bei nafuu kwa kuondolewa akili yake mwenyewe. Kila zinapowashwa hazijui kazi yoyote mpaka kompyuta izitumie kwanza programu ndogo ya kuziamsha. Baada ya hapo kompyuta ndiyo inayopanga ukurasa mzima, nukta kwa nukta, na printa inabaki na kazi ya kuubandika kwenye karatasi. Anayefanya shughuli yote hiyo upande wa kompyuta ni draiva, mkalimani anayesimama kati ya Windows na kifaa. Pasipo draiva, LaserJet 1020 iliyotoa maelfu ya kurasa jana ni sanduku lenye taa ya kijani.

Draiva inafungamana na mfumo endeshi kuliko programu nyingine yoyote, kwa kuwa inafanya kazi ndani kabisa, karibu na kiini cha mfumo. Kompyuta nyingi za zamani ziliwekewa Windows 7 ya biti 32, na draiva zake zikawa za biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32 hata moja. Ipo ya biti 64 peke yake. Programu za kawaida za biti 32 bado zinaendeshwa humo bila matata, maana Microsoft imeziwekea njia maalumu. Draiva haikuwekewa njia hiyo. Ile CD iliyokuja na printa mwaka 2006, ambayo fundi amekuwa akiitunza kwenye droo, haiwezi kusaidia. Lazima itafutwe draiva ya biti 64 ya modeli ileile. Zaidi ya hayo, Windows 11 ikisimikwa upya kwenye mashine inayoikubali huja na ulinzi wa kumbukumbu ambao hukataa draiva za zamani zilizoandikwa kwa kanuni zilizoachwa. Fundi asiyelijua hilo anaweza kukesha akisimika draiva sahihi na kuiona ikikataliwa kila mara.

Kwa modeli zilizouzwa kwa wingi draiva ya biti 64 mara nyingi hupatikana. Kinachouma ni kwamba hutafutwa siku kazi imeshakwama, kwa bando la simu, wakati ingeweza kupakuliwa na kuwekwa kwenye flashi kabla Windows ya zamani haijafutwa.

Programu zina mkasa wake. Kila mwandishi wa programu hujenga juu ya mambo anayoyakuta kwenye mfumo wa wakati wake: folda fulani ipo mahali fulani, namba ya toleo inasomeka hivi, kumbukumbu inagawiwa vile. Mengine kati ya hayo hayakuahidiwa na mtu. Kisa mashuhuri ni cha mchezo wa SimCity. Watengenezaji wake walikuwa wamefanya kosa: mchezo uliendelea kusoma sehemu ya kumbukumbu ambayo ulikuwa umekwisha kuirudisha. Kwenye mfumo wa zamani kosa hilo halikuonekana kwa kuwa hakuna aliyeigusa sehemu hiyo haraka. Microsoft walipokuwa wakiandaa Windows 95 mchezo ukaanza kuanguka. Badala ya kuwaambia wateja wanunue mwingine, waliingiza ndani ya Windows kipande cha kuutambua SimCity na kuuachia kumbukumbu yake kwa muda zaidi. Vipande vya namna hiyo vimelimbikana kwa miaka, na ndiyo sababu programu nyingi za zamani bado zinafunguka bila mtu kujua kwa nini.

Windows 7 nayo inasimulia jambo kama hilo. Ndani yake inajitambulisha kama toleo 6.1, si 7, kwa sababu programu nyingi zilizoandikwa wakati wa Windows Vista ziliuliza kwanza kama mfumo unaanzia namba 6, na zikijibiwa vingine zilikataa kuendelea. Hata leo mtu akibofya programu kwa kitufe cha kulia, akaingia Properties kisha Compatibility na kuchagua Windows ya zamani, sehemu kubwa ya kinachotokea ni hicho: mfumo unaitajia programu namba ya zamani ili itulie. Ni jaribio la dakika moja, na inafaa lifanywe kabla ya kuitangaza programu kuwa imekufa.

Kuna mahali ambapo njia hizo zote hufika mwisho, na maktaba za Afrika zinapajua vizuri. Tangu miaka ya 1980 UNESCO iligawa bure programu ya CDS/ISIS ya kutunzia orodha za vitabu na nyaraka. Vyuo na taasisi za utafiti zisizo na fedha za kununulia mifumo ya kibiashara ziliipokea kwa furaha. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ilikuwa miongoni mwa zilizoitumia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 likaja toleo la Windows, WinISIS. Toleo hilo liliandikwa kwa biti 16, na Windows yoyote ya biti 64 haiendeshi programu ya biti 16. Haijalishi kompyuta ina nguvu kiasi gani. Msimamizi wa maktaba aliyebadilishiwa mashine akapewa mpya yenye biti 64 alijikuta na orodha ya miaka mingi, imekamilika, ipo kwenye diski, na hakuna wa kuifungua.

Waliookoka ni wale waliokuwa bado na kompyuta moja ya zamani inayowaka. CDS/ISIS ina uwezo wa kutoa rekodi zake zote katika muundo wa kimataifa uitwao ISO 2709, na rekodi zikishatoka hivyo zinaweza kubadilishwa na kuingizwa kwenye mfumo mwingine kama Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia New Zealand na ambayo sasa inatumika katika maktaba kadhaa za vyuo vya Tanzania. Wengine walisimika Windows XP ndani ya kompyuta mpya kama mashine bandia, wakafungua WinISIS humo, wakatoa data na kuifunga. Kazi ya siku chache. Lakini ilimtaka mtu ajue kwamba mlango huo upo, na aupitie kabla diski ya zamani haijaharibika.

Ni haki kusema kwamba Tanzania ina historia ndefu ya kuumia kwa kuhama mfumo kwa pupa. Kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa kwenye mashine kubwa zaidi katika miaka iliyofuata, mambo yaliharibika: wataalamu wa kuziendesha walikuwa wageni, wazalendo waliofunzwa walikuwa wachache, na hesabu zikavurugika mpaka kazi ikarudishwa kufanywa kwa mkono. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Mashine zenyewe hazikuwa mbovu. Kilichokosekana ni watu wa kuuvusha mzigo kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine, na nchi ililipa kwa miaka mingi ya kubaki nyuma.

Kizazi cha sasa cha mifumo ya Serikali kimepita njia tofauti, na katika hili Serikali inastahili pongezi. PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti za halmashauri, ulikuwa ukisimikwa kompyuta moja moja. Septemba 2017 ulizinduliwa Dodoma katika sura mpya ya kutumia intaneti, sambamba na FFARS, mfumo wa hesabu za vituo vya kutolea huduma kama zahanati na shule. Baadaye MUSE, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani wa Wizara ya Fedha, ukachukua nafasi ya mfumo wa EPICOR katika malipo. Vyama vya ushirika navyo vikaletewa MUVU. Mhasibu wa zahanati ya kijijini akiingia FFARS, programu iko kwenye seva mbali naye. Kwake kinachohitajika ni kivinjari na mtandao. Awe na Windows 10, Windows 11 au Linux, ukurasa anaouona ni uleule.

Hata hivyo kivinjari nacho kina umri. Google Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023. Toleo la 109 ndilo la mwisho kwao. Internet Explorer 11, ambayo baadhi ya mifumo ya zamani iliitegemea, ilistaafishwa Juni 2022. Kwa hiyo anayesema "mimi sibadilishi kitu, Windows 7 yangu inanitosha" anaweza kuamka siku moja na kukuta ukurasa wa benki au wa maombi ya chuo umemkatalia, huku draiva ya printa yake ikiwa salama salimini. Kukaa kunagharimu na kuhama kunagharimu. Mwenye mashine anapaswa kuambiwa gharama zote mbili, na mara nyingi fundi humwambia moja tu.

Kwa watumiaji wengi wa mikoa ya kati uamuzi wenyewe unaanzia kwenye chuma. Laptopu zinazouzwa Dodoma kama mtumba ni zile zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara. Ila Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba.

Kukitambua kizazi ni rahisi. Mtu akisoma jina la prosesa kwenye mipangilio ya kompyuta ataona mfano i5-6300U au i5-8250U. Kwa prosesa za kizazi cha pili hadi cha tisa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni ya sita, ya pili ni ya nane. EliteBook 840 G3, ambayo imejaa madukani, ni ya kizazi cha sita na prosesa yake haimo kwenye orodha; ya G5 yenye kizazi cha nane imo. Tofauti ya namba mbili nyuma ya jina, na mnunuzi asiyeijua anaweza kutoa bei moja kwa mashine zenye maisha mawili tofauti mbele yake.

Mafundi wanazo njia za kuruka kizuizi hicho, na Windows 11 ikaingia kwenye mashine isiyoruhusiwa. Inafanya kazi, mara nyingine kwa muda mrefu. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba haiwajibiki kuzipa mashine hizo masasisho, na toleo la 24H2 la mwaka 2024 lilionyesha maana ya maneno hayo. Toleo hilo linahitaji amri za prosesa, mojawapo ikiitwa POPCNT, ambazo Core 2 Duo za zamani hazina kabisa. Waliokuwa wamelazimisha Windows 11 kwenye Core 2 Duo walikuta toleo jipya haliwaki hata kidogo. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha. Amri haimo kwenye chuma.

Mwenye mashine ya kizazi cha sita bado ana pa kusimama. Microsoft ilifungua mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa Windows 10 ya watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, kwa malipo au kwa kuunganisha kompyuta na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi humo mipangilio. Mpango huo unahitaji toleo la 22H2, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuangalia kama mashine imefika hapo. Njia nyingine ni Linux. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zinahudumiwa hadi 2029 na haziulizi TPM. Na kwa zile LaserJet 1018 na 1020, jamii ya Linux ilishaandika draiva yao miaka mingi iliyopita, pamoja na ile kazi ya kuziamsha kila zinapowashwa. Printa inayomsumbua mtu kwenye Windows mpya inaweza kuchapa bila tatizo kwenye mfumo wa bure.

Linux haitamfaa kila mtu. Anayeishi kwa Photoshop au CorelDRAW atakwama, na si haki kumwambia vinginevyo ili kumshawishi. Lakini kwa steshenari inayoandika barua, kujaza fomu mtandaoni, kutoa kopi na kuskani, kazi nyingi zinafanyika. LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel, ina ukoo wa karibu na Watanzania: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu ambayo LibreOffice imezaliwa kutokana nayo.

Fundi makini, kabla hajagusa chochote, anaiuliza mashine inafanya kazi gani. Anaandika jina kamili la printa na skana. Anaangalia programu moja moja iliyosimikwa na kuuliza ipi haiwezi kukosekana na funguo zake ziko wapi. Anapakua draiva na kuziweka kwenye flashi. Kisha, kama mwenye mali anaweza kumudu, ananunua diski mpya ya SSD na kusimika mfumo mpya humo, ile ya zamani akiitoa nzima bila kuifuta. Printa ikikataa, anarudisha diski ya zamani na steshenari inafunguliwa asubuhi kama kawaida. Gharama ya SSD ndogo hailingani na siku tatu za duka kufungwa msimu wa maombi ya mikopo. Kwa anayetumia intaneti ya simu, fundi huyo pia anauambia mfumo kwamba mtandao huu unapimwa, ili Windows isimalize bando la wiki kwa kupakua masasisho usiku mmoja.

Baada ya printa, mafaili ndiyo yenye haraka zaidi, na kwa steshenari maana yake ni Publisher. Kadi za harusi, vyeti vya mahafali na ratiba za misiba kwa miaka mingi vimepangwa humo. Microsoft imetangaza kwamba Publisher inasitishwa Oktoba 2026, mwezi uleule ambao muda wa ziada wa Windows 10 kwa watu binafsi unaisha. Baada ya hapo wenye Microsoft 365 hawataweza kufungua mafaili ya Publisher kwa programu hiyo. Walio na mafaili ya PageMaker, ambayo toleo lake la mwisho, la 7, lilitoka 2001, wako kwenye hali hiyohiyo tangu zamani. LibreOffice Draw hufungua aina zote mbili, ingawa maandishi huweza kuhama mahali pake na fonti kubadilika. Kazi zenye thamani inafaa zitolewe kwa PDF sasa, kompyuta yenye Publisher ikiwa bado inawaka, na faili asili lihifadhiwe kando yake. Kwa duka lenye kadi mia kadhaa ni kazi ya jioni chache, na inaweza kuanza na zile ambazo wateja hurudi kuziomba kila mwaka: vyeti vya shule, fomu za vikundi vya kuweka na kukopa, vichwa vya barua vya makanisa na misikiti.